Siku Niliyovuka Barabara Kula kwa Jirani

Hoteli yangu iko Suna, na mwaka juzi nusura niifunge. Mama mmoja alikuwa amefungua yake ng'ambo ya barabara, naye anauza samaki kama mimi. Wateja wangu wakaanza kuhama mmoja mmoja, wengine wakinipungia mkono huku wakivuka, jamani! Nikajiambia shida ni Sabato, kwa kuwa Jumamosi mimi sifungui na yeye anafungua. Lakini hata Jumanne viti vyangu vilikuwa vitupu.

Basi mpishi wake akaja kwangu. Walikuwa wamekosana, anatafuta kazi, akaniahidi kunifundisha mchuzi wa yule mama wote, hata mahali anaponunua samaki. Nilitamani, sikatai. Lakini mimi mwenyewe nina mama mmoja wa Homa Bay anayeniuzia samaki wabichi aina ya ngege, na jina lake simtajii hata mume wangu. Nikamwona akilini mpishi huyu, kesho yuko jikoni kwa mwingine, anazimwaga siri zangu. Nikamwambia, "Kazi nitakupa. Ya yule mama muachie yule mama."

Siku iliyofuata, saa za chakula cha mchana, nikavuka barabara mwenyewe nikaketi meza ya mbele. Yule mama akauliza kama nimekuja kumpeleleza. Nikasema ndiyo, na nitalipa. Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaniletea samaki. Samaki wake, niseme ukweli, hamfikii wangu. Ugali sasa! Ulikuja ukifuka mvuke, umesongwa baada ya mimi kuagiza. Wangu ulikuwa unashinda kwenye chombo tangu asubuhi. Mjaluo umpe ugali uliopoa na utegemee atarudi? Niliona aibu, lakini nilikula nikamaliza.

Tangu siku hiyo tunasonga ugali mdogo mdogo, kila mteja na wake. Mpishi analalamika mikono inamuuma, lakini viti vimejaa, na Jumamosi bado nafunga. Nina raha.

Mwezi uliopita yule mama akaja kula kwangu. Alipomwona mpishi wake wa zamani akitoka jikoni, uso ukabadilika. Akamuuliza kwa Dholuo, mbele yangu, amenifundisha nini.

"Huyu mama hajawahi kuniuliza," mpishi akajibu.

Yule mama akavuta kiti cha pili, akaniambia ninawe mikono tule pamoja.