Mguu Gani Mbele

Kwa kochi wetu, mwanamke aliyezaa anataka kitu kimoja tu maishani: tumbo lirudi ndani. Nilipopanda ngazi za jimu yake pale Ngong Road, karibu na Adams Arcade, mtoto wangu akiwa ndiyo ameanza kutambaa, hakuniuliza nimefuata nini. Alinionyesha kwa kidole kona ya akina mama. Huko tuliruka, tukapinda viuno, tukapiga makofi juu ya kichwa, muziki wa injili ukipasua masikio. Upande wa pili wa ukumbi, kwenye magodoro, watu walikuwa wanapigana kwa kila kiungo walichopewa na Mungu: ngumi, magoti, mateke, halafu wanaangushana mpaka mmoja apige godoro kofi kuonyesha amekubali kushindwa. Mimi nilitaka magodoro. Hasira niliyokuwa nayo ingetosha jimu nzima, na haikuwa inakaa tumboni.

Nilimsumbua kochi mpaka akachoka. Siku aliyochoka aliniambia nisimame kama mpiganaji. Nikasimama. Akanizunguka polepole kama fundi aliyeitwa kurekebisha kazi ya fundi mwingine.

"Umesimama kama mtu anangoja stima irudi," akasema. "Mguu gani unaenda mbele?"

"Wowote."

"Hakuna mguu unaitwa wowote."

Akanieleza. Anayetumia mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto, ili mkono wenye nguvu ubaki nyuma ukivuta pumzi kabla ya kutoka. Anayetumia wa kushoto hugeuza kila kitu. Akaniuliza naandika kwa mkono gani. Wa kulia. Basi, mguu wa kushoto mbele, kesi imeisha.

Haikuisha. Kila nikiguswa na ngumi, miguu yangu ilibadilishana nafasi bila ruhusa, na katikati ya kubadilishana nilikuwa nimejikanyaga, mtu ananisukuma kidogo tu, naketi. Kochi alivumilia, halafu akatoa hukumu. Jumamosi nitacheza raundi moja. Nichague mguu mmoja wa mbele na nikae nao. Nikibadilisha, narudi kona ya akina mama, na hataki kusikia tena hiyo stori.

Wiki hiyo nilifanya mazoezi kazini, duka la miwani Hurlingham, nyuma ya kaunta: mguu wa kushoto mbele, kidevu chini. Mteja mmoja aliuliza taratibu kama amenikosea. Nikamwambia bado.

Ijumaa kochi mwenyewe alinionea huruma. "Hebu sahau kuandika," akasema. "Ukikasirika kabisa, unarusha kitu na mkono gani?"

Nikakumbuka siku nilivua patipati mguuni nikamrushia baba mtoto. Ilimpata vizuri sana. Ilitoka mkono wa kushoto.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Busia kunisaidia na mtoto. Jioni hiyo, tukila, nilimuuliza, "Mama, nilizaliwa natumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mama."

"Ulizaliwa na wa kushoto," akasema, akimega ugali. "Nikakutoa hiyo tabia."

Alisema hivyo kama mtu aliyemtoa mtoto funza. Alikuwa akinifunga huo mkono na leso wakati wa kula, na shuleni mwalimu akamalizia. Kwao hakuna mtu atapokea chakula kutoka mkono wa kushoto wa mke wa mwanawe, kwa hivyo aliona ananiokoa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumaliza mboga. Lakini jambo moja lilikuwa limeamuliwa. Mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto nyuma.

Jumamosi mama alinifuata jimu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa na mtoto. Akaketi kwenye benchi, mtoto mapajani, mkoba chini ya kiti. Nilipangwa kupigana na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuonyesha wateja nyumba za kukodi Spring Valley. Hata akikupiga teke huwa na lile tabasamu la kukukaribisha uone jikoni.

Nikasimama nilivyochagua. Mama akaona mkono gani uko nyuma unajiandaa.

"Wa kulia!" akaita. "Tumia wa kulia! Nilikufundisha nini?"

Yule dada alidhani mama ni kochi wangu wa pembeni. Akainua glavu zote mbili kuzuia mkono wangu wa kulia, kwa heshima kabisa, na upande ule mwingine akauacha wazi kama geti la hoteli. Wa kushoto ukaingia. Akaketi kwenye godoro, tabasamu likiwa bado halijapata habari.

Ukumbi ulicheka. Kochi alifuta machozi. "Umepita," akasema.

Mama alikuwa ameshafika pale, mtoto kwapani. "Pole, mwanangu. Amekupiga na wa kushoto. Si hivyo nilimlea."

"Ni sawa, mathe," akajibu dada. "Hata wa kulia ungeuma tu."

Mimi nilikuwa nachemka. Nimevaa glavu mimi, nimetoka jasho mimi, na anayeshinda ni mama.

"Tunarudia," nikasema.

"Si nimekwambia umepita?"

"Amepita mama. Atoke nje, turudie."

"Kwani mimi nimefanya nini?" mama akauliza ukumbi mzima. Akachukua mkoba wake, akaenda kusimama ngazini.

Raundi ya pili sikupewa zawadi. Ngumi ya kwanza ilinipata puani, macho yakajaa maji, na nikasikia kisigino cha kushoto kinainuka, kinataka kupita mbele kama kawaida yake. Nikakikazia pale chini. Teke likaja pajani. Miguu ikataka tena. Nikainyima. Nilirusha wa kushoto mara kadhaa. Mmoja uligusa bega, mingine ilipiga hewa ya Ngong Road. Nilipigwa, kusema ukweli. Nilipigwa nikiwa nimesimama pale pale.

Muda ulipoisha dada alivua glavu haraka. "Woi, pua yako inatoka damu."

"Miguu je?" nikamuuliza kochi.

Raundi yote hakuwa ameinua macho juu ya magoti yangu. "Haikubadilika," akasema. "Jumatatu uje kwa magodoro. Na ununue kinga ya meno."

Nikatoka kwenda ngazini kumwambia mama. Aliniangalia pua, akanipa mtoto nishike, akaingia ndani kumtafuta aliyenifanya hivyo.