Mpiga simu, Fundi Kesho na mama mkwe aliyefufuka

Saa mbili asubuhi haijatimia vizuri, na tayari ameshatukanwa mara mbili. Wa kwanza amemwambia aende akalale. Wa pili amemwombea dua isiyoandikika gazetini. Anasogeza hedifoni, anakunywa funda la maji, anabonyeza namba nyingine.

"Habari za asubuhi, mteja wetu. Nakukumbusha rejesho lako la leo," anasema kwa sauti laini kama ya mtangazaji wa redio.

Upande wa pili simu inakatwa.

"Huyu mstaarabu," anasema. "Amekata bila kumtaja mama yangu."

Wenzake wanamwita Dada Kumbusho. Ana miaka thelathini na mmoja, na anafanya kazi katika kampuni ndogo ya mikopo, kwenye chumba chenye meza nne, feni inayozunguka ikijisikia, na dirisha linalotazama ukuta. Mshahara wake ni laki tatu na ushee kwa mwezi. Zaidi ya theluthi inaishia kwenye ada ya chuo cha jioni anakosomea usimamizi wa mikopo. Amechoka kutukanwa. Anataka kuwa afisa mikopo, yule anayekwenda kuwaona wateja na kusema nani akopeshwe, nani avumiliwe, nani achukuliwe dhamana.

Kinachomtoa jasho ni somo moja tu. Linaitwa Mazingira ya Biashara.

"Nilidhani ni mambo ya kufagia na kupanda maua mbele ya duka," anasema, na wala hatanii.

Kumbe ni kila kinachoizunguka biashara bila mwenyewe kukialika: sheria, kodi, bei, barabara, umeme, jirani aliyefungua duka kama lako, hata mvua. Majaribio mawili ya darasani ameshafeli. Kila akifikiri ameelewa, mkufunzi anaongeza neno "inategemea", na yeye anarudi alikotoka.

Nyumbani kwa dada yake, anakoishi, hakuna wa kumwonea huruma.

"Shemeji," mume wa dada yake humwambia, "wewe unayesoma mazingira, hebu soma na ya jikoni. Mboga inaungua."

Si kwamba biashara haijui. Zamani alikuwa na meza ya viatu vya mitumba sokoni. Siku moja soko likahamishiwa nje ya mji, wateja wakagoma kuhama nalo. Viatu vikabaki vikitazamana naye.

"Mama aliniambia nina mdomo mchungu, ndio maana siuzi. Miaka saba nimeulaumu mdomo wangu, nikajifunza kuongea taratibu mpaka nikapata kazi ya simu. Sasa nafungua kitabu nakuta eti lile lilikuwa badiliko la sera. Nimefurahi au nimekasirika? Mpaka leo sijui."

Mwezi uliopita mambo mawili yalimkuta kwa pamoja. Mkufunzi aliwataka wanafunzi wachague biashara moja, wachunguze mazingira yake, kisha washauri kama inafaa kukopeshwa. Na pale ofisini kiti cha afisa mikopo kilikuwa wazi. Meneja akamwambia kazi hiyohiyo ya chuo ndiyo itakuwa mtihani wake wa kukipata, ila mteja atampa yeye: seremala ambaye marejesho yake yalikuwa yamelala miezi miwili, na dhamana yake ni mashine ya kuranda mbao.

"Nataka neno moja," meneja alimwambia. "Tuichukue mashine au tumpe muda. Usiniletee insha."

Seremala huyo Dada Kumbusho alimjua kwa sikio tu. Ofisini anaitwa Fundi Kesho. Kila Jumanne alikuwa na sababu mpya, na kila sababu iliishia kesho. Umeme umekatika, kesho. Barabara imefukuliwa, kesho. Milango ya kiwandani imeua soko, kesho. Mama mkwe amefariki, tumzike kwanza, kesho.

"Kwa kweli nilikuwa nampenda," anasema. "Wengine wanadanganya bila hata kujituma."

Karakana ya Fundi Kesho ni banda la mabati linalonuka mbao mbichi na gundi, maranda yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Dada Kumbusho alisimama mlangoni na maswali yake ya chuo, akajikohoza.

"Habari za kazi, fundi?"

Fundi aliweka msumeno chini. Hata kugeuka hakugeuka.

"Hiyo sauti naijua."

"Mimi ni mwanafunzi tu, fundi. Nina maswali kidogo."

"Mwanafunzi gani ananipigia kila Jumanne?"

Nyuma ya kabati lisilo na milango kikachomoza kichwa cha mke wa fundi. "Kumbe ndiye huyu! Mimi silali, nasema mume wangu kapata mwanamke wa simu. Sauti yote ile, kumbe mfupi hivi?"

"Samahani, dada yangu. Ni deni tu."

"Deni tu! Afadhali hawara, huwa anachoka."

Baada ya kucheka, fundi alimtembeza. Alibonyeza swichi ya mashine. Haikutoa hata mguno, umeme kweli haukuwepo. Akamtoa nje. Barabara ilikuwa imefukuliwa kupitisha mabomba, na mlango uliokwisha kupigwa msasa ulikuwa umeegemea ukuta, kwa kuwa gari la mwenye mlango halikuwa na pa kupita. Ng'ambo ya shimo, duka jipya lilikuwa limepanga milango ya kiwandani kwa bei ambayo haimtoshi fundi hata kununua mbao zake.

Dada Kumbusho alitiki karatasi yake kama mtu anayesahihisha mtihani wa mtoto wake.

"Kila kisingizio alichonipa kina sura yake kitabuni," anasimulia. "Niliona aibu. Mtu alikuwa ananifundisha somo zima kwa simu, mimi namwambia lipa."

Kisha ikaja chai. Aliyeileta ni mama mmoja aliyenyooka kama rula.

"Karibu, mwanangu. Mimi ndiye mama mkwe wake huyu."

Dada Kumbusho alishika kikombe, hakunywa.

"Mama mkwe... Ana mwingine?"

"Mwingine wa nini? Mke wake si huyu mmoja?"

"Fundi," alisema polepole, "mimi nilikupa pole ya msiba."

Fundi alianza kuitafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. "Alikuwa anaumwa sana, dada."

"Mafua!" mama mkwe akadakia. "Umenizika kwa mafua?"

"Mama, Jumanne ile ilikuwa ngumu."

Ndipo Dada Kumbusho alipochanganyikiwa sawasawa. Kitabu kilikuwa na sura ya ushindani, ya sheria, ya teknolojia. Sura ya mama mkwe hakuiona.

"Mdomo uleule umeniambia kweli tatu na uongo mmoja. Nimpime kwa upande upi? Umeme na mashimo si kosa lake. Lakini mtu anayemzika mkwewe akiwa hai, rejesho langu litamshinda kulizika?"

Alimuuliza mkufunzi, akajibiwa inategemea. Alimuuliza meneja, akakumbushwa neno moja. Mezani nyumbani, shemeji yake ndiye aliyemuuliza yeye.

"Mkishaichukua hiyo mashine, nani ofisini kwenu anajua kuranda?"

Swali hilo halikumtoka kichwani. Alirudi karakana mara mbili bila kuambiwa na mtu. Mara ya pili alikwenda kwa mama mkwe, si kwa fundi.

Ijumaa aliweka kazi yake mbele ya meneja. Ilishauri fundi aongezewe miezi mitatu, mpaka mabomba yafukiwe, na rejesho lipunguzwe nusu. Mdhamini akawa mama mkwe, ambaye alikuwa ameshasaini kwa herufi kubwa, kama mtu anayetaka ijulikane kwamba yupo.

"Mimi anaweza kunikatia simu," Dada Kumbusho anaeleza. "Huyu mama anakula naye sahani moja."

Meneja aliisoma mara mbili. "Nilisema neno moja."

"Muda," alijibu. "Hayo mengine ni mazingira."

Meneja hakutabasamu, ila alimkalisha kwenye kiti cha afisa mikopo kwa majaribio ya miezi hiyohiyo mitatu, huku asubuhi akiendelea kupiga simu mpaka mrithi wake azoee. Fundi akilipa, kiti ni chake na mshahara unafika laki tano. Asipolipa, mashine inachukuliwa, na Dada Kumbusho anarudi kwenye hedifoni kutwa nzima. Chuoni alipata alama sitini na mbili. Pembeni mkufunzi aliandika: "Mdhamini huyu umemtoa sura ipi?"

Leo ndiyo siku ya rejesho la kwanza. Saa nne simu yake inaguna. Ni ujumbe wa malipo kutoka kwa fundi. Anausoma, anaisogeza simu dirishani penye mwanga, anausoma tena. Fundi ametuma nusu ya ile nusu.

Mpiga simu mpya, binti anayejifunza kuirithi hedifoni yake, anageuka. "Dada, huyu amelipa au hajalipa? Niandike nini?"

"Sijui."

"Nimpigie?"

"Usimpigie."

Anavaa viatu vya kutembelea. Mwakani anataka kuingia mwaka wa pili, anasema huku akifunga kamba. Amesikia kuna somo la tabia za wakopaji, huenda huko ndiko mambo yanakoelezwa. Kwa sasa anataka kwenda kuona kama shimo la mabomba limefukiwa.

"Likiwa halijafukiwa?" binti anauliza.

"Basi alichotuma ni kikubwa, na mimi nitamtetea."

"Na likiwa limefukiwa?"

Dada Kumbusho anasimama mlangoni, mkoba begani.

"Basi leo naanzia kwa mama mkwe."