Ameir na Abiria wa Chini

Ameir alikuwa fundi wa breki za treni kwenye karakana ya Tyseley, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, aliyehamia Birmingham akiwa kijana. Waswahili wenzake wa mtaa wa Ladywood walimjua kwa upole na ukimya wake. Jambo moja tu lilimtia wazimu: kompyuta za zamani, zile za miaka ya themanini zenye vitufe vya mpira, zinazosoma michezo yake kutoka kwenye kaseti. Utotoni Unguja aliiona moja nyumbani kwa tajiri mmoja, akaambiwa asiiguse. Sasa alikuwa na yake mwenyewe, kaiunga na televisheni sebuleni, ghorofa ya tisa, na hapakuwa na wa kumwambia ondoa mkono.

Mchezo alioupenda kupita yote ulihusu ile meli kubwa ya Waingereza iliyogonga barafu mwaka 1912. Mchezaji ndiye ofisa wa zamu. Maji yanapanda, mashua hazitoshi, nawe unaamua milango ipi ifunguliwe na mashua ipi ishushwe. Watu ni vidoa vyeupe tu kwenye skrini. Ameir aliucheza hadi akaigundua siri yake: abiria wa daraja la tatu, walio chini kabisa, wanachelewa kupanda ngazi. Ukiwafungia mlango mapema, mashua zinajaa upesi na pointi zinapaa. Kishore, mfanyakazi mwenzake aliyekuwa na kompyuta kama hizo nyumbani kwake Great Barr, hakuwahi kuzifikia pointi zake.

Jumapili moja ya mwaka 2004, Kishore akaja kujionea kwa macho yake. Maisara, mkewe Ameir, alipika biriani, akamwita na jirani wa ghorofa ya nne, Kemilembe, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa akihudumia wazee. Kemilembe hakuwa mgeni pale. Maisara alipojifungua kwa upasuaji, yeye ndiye aliyekuwa akipanda kila asubuhi kumwogesha mtoto kabla ya kwenda kazini.

Baada ya kula, Ameir akawasha mchezo. Raha ya kutazamwa ikampanda kichwani, akaanza kuvitania vile vidoa, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili ili wanawake nao wacheke.

"Hawa wa chini wazito, watatuchelewesha," alisema, akabonyeza kitufe cha kufunga mlango. "Wanabisha hodi hao. Tuwaambie wenyewe hatupo."

Alipomtafsiria Kishore, Kishore akacheka. Ameir naye akacheka.

"Shemeji," Kemilembe akauliza, "hao wa chini wanakuwaje?"

"Wanazama," Ameir akajibu bila kugeuka. "Lakini ukiwasubiri mtazama nyote. Hapa panataka moyo mgumu."

Kemilembe akaiweka sahani yake chini taratibu. Akamshukuru Maisara kwa chakula, akasema ana shifti, akatoka. Maisara alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akarudi na kumwinamia mumewe sikioni.

"Hana shifti leo. Ameir, umemsahau mama yake?"

Hakumsahau, na hilo ndilo lililomkata maini. Kemilembe aliwasimulia mwenyewe, pale pale sebuleni. Mwaka tisini na sita mama yake alipanda meli Bukoba kwenda Mwanza, kwa tiketi ya daraja la tatu, na meli ikapinduka ziwani. Mama hakuonekana tena. Watu waliofika na mitumbwi walisikia wenzao wakigonga kutoka ndani. Siku ile Ameir alitoa pole na machozi yakamlenga. Yote hayo alikuwa nayo kichwani, na bado ulimi wake ulitamka ule mzaha.

Uso ukamwaka. Kishore alipouliza kuna nini, Ameir akamwambia kaseti imekwama. Akaizima televisheni, akaona haya hata kwa uongo huo mdogo.

Kesho yake alipotoka kazini alipanda kwa ngazi hadi ghorofa ya nne, maana kwenye lifti angekutana na watu. Kemilembe alifungua akiwa bado na sare yake. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi," Ameir alianza. "Ule ni mchezo tu, sikukusudia…"

"Najua ni mchezo. Kompyuta haikunifanya kitu." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Lakini mchezo haukusema tuwaambie wenyewe hatupo. Hilo umelisema wewe, tena kwa Kiswahili, ili na mimi nicheke."

Ameir aliinamia viatu vyake vilivyoroa grisi.

"Nimekosa," alisema. "Sina la kujitetea."

"Nimekusikia. Msalimie Maisara."

Akaufunga mlango polepole. Ameir alitamani angeubamiza.

Kemilembe hakuwakata. Alimpokea Maisara kwake, alimtumia mtoto zawadi, na walipokutana nje alimwitikia Ameir salamu yake. Ila kwao hakupanda tena, hadi mwaka uliofuata Maisara alipougua. Siku hiyo aliingia na sufuria ya uji, akapita sebuleni moja kwa moja hadi chumbani. Ameir alikuwa ameshaificha kompyuta kabatini zamani. Kishore naye alichoka kumwalika Great Barr kwa kupewa visingizio.

Lakini ukweli ni kwamba hajauacha ule mchezo. Maisara akitoka na mtoto, huitoa kompyuta, akaiunga, akazima sauti. Kila mara huanza kwa kuwafungulia wa chini, awatoe wao kwanza. Vidoa hupanda ngazi kimoja kimoja, maji nayo yanapanda. Pointi zinapoanza kuporomoka, kidole chake hukikimbilia kile kitufe kabla hajafikiri. Hilo hajamwambia mtu.