Siku Sylviane Alipokuwa Mtalii

Kuna watu hawaijui starehe hata ikija kuwabishia hodi, na Sylviane ni mmoja wao. Ni msusi wa Kakuma, Mkongo wa Uvira, na sijui ni kichwa gani kambini hakijapita mikononi mwake. Tangu akimbilie Kenya hajawahi kwenda popote kwa kupenda tu. Basi alipopata kibali cha kwenda Lodwar kutibiwa macho, alimwambia binti yake Shalom kwamba akitoka mapema kwa daktari, naye atakuwa mtalii, angalau mara moja.

Akatoka mapema. Akapanda gari la Kalokol, akashuka kando ya barabara penye mawe ya kale, nguzo nyeusi zimesimama juani, nyingine zimeegemeana. Mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akichunga mbuzi alimwamkia, "Ejok," akamwonyesha desturi ya wapitao: okota kijiwe, kiweke juu ya nguzo. Sylviane akaweka chake. Halafu, ukitaka kumcheka mcheke, akatoa simu, akafungua picha ya marehemu kaka yake na kuielekeza kwenye mawe, kama Shalom alivyomwagiza.

"Ona, Baudouin," akasema. "Miye nimefika."

Baudouin ndiye aliyekuwa na wazimu wa magofu na mawe ya kale. Tangu utotoni alimwahidi dada yake kwamba wangezunguka dunia kuyatazama. Lakini siku moja sokoni mtu alimnyooshea kidole kimakosa, akapiga kelele za mwizi, na umati haukungoja kuuliza. Ilibaki picha hiyo moja, nayo ilikuwa kwenye simu hiyo tu.

Aliporudi steji ya Lodwar kutafuta gari la Kakuma, mkoba ulinyakuliwa begani. Aligeuka akamwona mwanamume mwembamba wa shati la kijani akijipenyeza katikati ya watu. Nauli ilikuwa salama, ameifunga kwenye kitenge, lakini mkobani mlikuwa na simu na kibali. Bila kibali hapiti kizuizi cha polisi, na Shalom, mtoto mwenye pumu, alikuwa amebaki kwa jirani. Neno lilimfika mdomoni: mwizi. Watu wa boda boda walikuwa wamejaa pale pale, na mawe hayakuwa mbali. Akalimeza. Mimi ningepiga kelele, na wewe pia, tusidanganyane.

Akamfuata kimya hadi nyuma ya vibanda, akamkuta amechutama, anapekua.

"Papa," akamwambia taratibu, "mkoba bakia nawo. Nipe karatasi, niende kwa mtoto. Na simu, iko picha ya kaka yangu."

Jamaa aliruka wima. Akatazama huku na huku, akamtupia kibali. Simu akaitia mfukoni.

"Mbona hupigi kelele?" akauliza.

"Kaka yangu walimupigia."

Sijui kama alielewa. Aliondoka kwa haraka lakini bila kukimbia, akapita mbele ya wale watu wa boda boda, karibu kabisa nao. Neno moja tu lingemrudishia Sylviane picha yake. Alisimama pale, amefumba mdomo, hadi shati la kijani likapotea. Kisha akaokota kibali, akakikung'uta vumbi, akaenda kutafuta gari.

Kizuizini polisi alikitazama kibali, akamrudishia. Alipofika Kakuma, Shalom alimrukia shingoni, akataka kuonyeshwa mawe kwenye simu.

"Simu wameiiba," Sylviane akamwambia.

"Na picha ya mjomba?"

"Nayo."

"Lakini mawe aliyaona?"

Sylviane akaketi kwenye kigoda chake cha kusukia, akamvuta mtoto mapajani.

"Aliyaona," akasema.