Nave za Kilibula Zapanda Lemera

Jua linachomoza juu ya milima ya Urundi, ng'ambo ya ziwa, na Bernardine Nkeshimana amekwisha kupiga magoti nyuma ya nyumba yake mtaani Kilibula. Anafukua udongo kwa vidole, polepole.

Anatafuta nave, mzizi wa mviringo, mweupe chini, wa zambarau mabegani, ambao wapishi wa Wazungu huutia katika supu. Hapa Uvira wanaoulima ni wachache. Faranga zake ndizo zinazowavalisha watoto wa Bernardine sare za shule.

Lakini msimu huu pakiti za mbegu hazikufika dukani.

"Na huku joto iko kali," anaeleza. "Nave inanenepa vizuri, lakini kutoa maua inakataa. Inataka baridi."

Kwa hiyo aliiacha ardhini mizizi minono kuliko yote, aipeleke kwa dada yake Ernestine huko Lemera, milimani, ipandwe tena, ichanue na kuzaa mbegu.

Jumapili iliyopita alikwenda misa. Aliporudi alikuta vichwa vya nave vimenyolewa. Jikoni, mama mkwe wake, Apollinarie, alikuwa akikoroga chungu.

"Minye niliona mboga inazeeka bure," anajitetea bibi huyo. "Weye unafuga majani kama mbuzi?"

"Ni mbegu ulipika, mama!"

"Basi mbegu iko tamu. Sahani yako uliimaliza."

Bernardine hakatai. "Nilikula, kweli. Lakini kila tonge niliona msimu mzima unapita kooni."

Ndiyo sababu anafukua leo: ikiwa mkono wa bibi ulivunja hadi kitovuni, pale majani yanapoota, mzizi utaoza. Ikiwa ulichuma majani tu, utachipua.

Anapangusa udongo. Katikati ya kichwa kilichonyolewa, kijani kidogo kimejikunja. Mzizi wa pili pia. Wa tatu umeoza. Anautupa. Iliyobaki yote imechipua.

Apollinarie anatoka na kikapu kilichotandikwa majani mabichi ya mgomba. Amevaa viatu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Lemera pamoja nawe. Mwizi wa majani ni minye, ninajua namna yanavyoibiwa. Nitayalinda."

Bernardine anacheka hadi anakaa chini.

"Mbegu za dukani zina picha juu ya pakiti," anasema, akiipanga mizizi kikapuni. "Zangu nitazifunga katika kipande cha kitenge. Na tuta la kwanza nitampandia mama. Achume majani mpaka achoke."