Mwanamke wa Lojing'i

Mama mkwe wangu aliposikia kwamba mwanawe ameonekana Kisii mjini akitoka lojing'i ya kulala wageni asubuhi na mwanamke, alifurahi. Sitii chumvi. Alichinja jogoo. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na kwake habari hiyo ilikuwa na maana moja tu: hatimaye kijana ameamka.

Mwanamke huyo alikuwa mimi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda sokoni Nyamache na nashona sare za shule. Kila Januari watoto wa watu hupanga foleni niwapime mabega, na kila Januari hakosekani mama wa kuniuliza, pini zikiwa bado mdomoni mwangu, "Na wako utawashonea lini?" Mwanzoni nilikuwa nacheka. Siku hizi mama wa namna hiyo hupata sare yake shule zikiwa zimeshafunguliwa.

Mama mkwe naye hakulala. Aliniletea mizizi ya kuchemsha, michungu hadi masikio yanazizima. Aliniletea mafuta yaliyoombewa. Nilifunga, nikakesha, nikapakwa. Mwanawe hakunyweshwa hata kijiko. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya naye wala nia njema, ila hakuna aliyefikiria kwamba mwanamume naye ana tumbo la uzazi la aina yake, lenye kuweza kuugua. Mimi mwenyewe sikufikiria.

Kilichoniamsha ni maharagwe. Tulikuwa tukiyabambua jikoni kwangu, mama mkwe na mimi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna binti wa Nyamarambe, wa familia nzuri, dada zake wote wamezaa.

"Hatukufukuzi, mokamwana," aliniambia. Ndivyo tunavyowaita wake za wana wetu. "Utakaa hapa hapa. Mwenzako atazaa, nawe utalea."

Nilimaliza maharagwe yale. Mume wangu aliporudi kutoka kiwandani, kabla hajavua gambuti, nilimwambia tuna njia mbili. Twende hospitali sote wawili, tupimwe sote wawili, au mimi nichukue cherehani yangu nirudi kwetu Sironga. Alikaa kwenye kizingiti, akavua gambuti moja, akaishika muda mrefu.

"Twende," alisema.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Mume wangu alikuwa amekaa benchi la nje, kama watu wanavyomsindikiza mgonjwa. Daktari akakataa kuanza. "Mwite baba aingie," alisema. Alipoingia, akaulizwa maswali mengi kuliko mimi. Aliwahi kuugua matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu? Ndiyo, akiwa kidato cha pili. Sigara? Aliacha. Pombe? Akanitazama, akasema kidogo. Kazi? Anatia kuni kwenye tanuri la kiwanda cha majani chai. Daktari akaweka kalamu chini, akamweleza kwamba mbegu za mwanamume hazipendi joto, na kukaa karibu na moto mkali siku baada ya siku kunaweza kuzipunguza. Mume wangu alibana magoti polepole. Nilitaka kucheka, zamu yangu ikafika.

Hedhi yangu inakuja kwa mpango? Maumivu? Mimba zilizotoka? Maambukizi niliyoyatibu nusu nusu kwa vidonge vya duka la dawa? Nilikiri la vidonge. Upasuaji? Nilipasuliwa tumbo nikiwa msichana. Akaniambia kovu la ndani linaweza kuvuta mirija au kuiziba, na mtu asijue miaka yote. Kwa hiyo tulikuwa tumeketi pale, watu wawili wazima wenye afya, na kila mmoja alikuwa na sababu za kutosha kuwa ndiye.

Nilitolewa damu ya kupima homoni. Nikapigwa picha ya tumbo. Siku nyingine nikalazwa kwenye mashine ya eksirei, dawa ikapitishwa kwenye kizazi ili waone kama inapenya kwenye mirija. Iliniuma. Nilitukana kwa Ekegusii nikidhani niko salama, kumbe yule wa mashine ni wa kwetu, akacheka hadi akaniomba radhi.

Kipimo cha mume wangu kilikuwa kikopo na choo cha hospitali. Aliingia. Foleni ikajaa nje, mtu akagonga, akagonga tena, "Wewe wa ndani, umelala?" Akatoka na kikopo kitupu na uso wa mtu aliyeanguka mtihani. Daktari akasema basi tutafute mahali pa faragha, lakini karibu, kwa sababu kitu hicho lazima kifike maabara kabla ya saa moja kwisha, kikiwa na joto la mwili. Nyumbani kulikuwa mbali. Ndipo tukaenda lojing'i.

Msichana wa mapokezi alitutazama. "Ni ya kulala ama ya muda mfupi?"

"Dakika chache tu," alisema mume wangu, maskini.

"Ni mume wangu," nikaongeza.

"Wote husema hivyo, madam," akajibu, akatupa ufunguo.

Tulipotoka mvua ilikuwa inanyunyiza. Nilikuwa nimekificha kikopo kifuani chini ya sweta, leso nimejitanda kichwani hadi puani, ninatembea mbio nikiwa nimeinama. Yeye nyuma yangu, macho chini. Hata sisi wenyewe tungejiona tungeamini mabaya. Na kando ya barabara, nyuma ya ndizi zake, alikuwa mwanamke wa kundi la kanisa la mama mkwe.

Majibu yalitoka kabla hatujaitwa kula jogoo. Daktari alitukalisha, akaeleza kipimo kimoja kimoja, akaonya kwamba vingine vitarudiwa. Mmoja wetu alilia. Mwingine akamshika mkono, wala hakuuachia hadi tulipofika nje.

Kwenye benchi mume wangu alisema, "Nyumbani nitawaambia ni mimi." Kama ulikuwa ukweli au ni huruma, hilo ni letu. Nilimkatalia. Nawajua watu wetu. Wakisikia ni mimi, binti wa Nyamarambe anafika kabla ya mavuno. Wakisikia ni yeye, hakuna atakayesema neno, ila ndugu yake ataanza kutumwa kwetu kurekebisha paa, kila mume wangu akiwa zamu ya usiku. Jibu lolote lingetuletea mtu wa tatu kitandani. Tukakubaliana pale pale.

Jumapili baada ya kanisa tulimkuta mama mkwe ameketi na kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na jogoo mezani. Mimi nilionyeshwa kiti cha mlangoni.

"Huyo mwanamke wa mjini," mama mkwe alianza, na sauti yake ilikuwa tamu, "mlete tumwone."

"Ameketi mlangoni," mume wangu alisema.

Mama mkwe alichungulia nje ya mlango kabla ya macho yake kurudi kwangu. Kisha baba mkubwa akauliza ni mume gani mwenye nyumba anayempeleka mkewe lojing'i. Mume wangu akaeleza yote, kikopo na mvua na kila kitu, bila kuinamisha kichwa. Siku ile nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Mama mkwe hakujali kikopo. "Basi wamesema ni nani?"

"Ni sisi," nilisema.

"Nimeuliza ni nani kati yenu."

"Nimekusikia, mama. Ni sisi."

Baba mkubwa alisema mwanamke anayejibu hivyo anaficha lake. Mume wangu akasogeza kiti chake hadi mlangoni, akaketi kando yangu. Tukamla jogoo tukiwa pale pale. Alikuwa mtamu.

Binti wa Nyamarambe aliolewa kwingine, namtakia heri. Sisi bado tunatibiwa. Huenda tukapata mtoto, huenda tusipate, na mlango wetu utabaki na watu wawili ndani. Mama mkwe bado hupita kibandani, hushika kitambaa kama anayetaka kununua, kisha huinama, "Niambie mimi peke yangu." Nampima mabega, namwambia gauni litakuwa tayari Ijumaa.

Nawe unayesoma, umefika hadi hapa ukingoja nikutajie. Kaa kwenye foleni, nyuma ya mama mkwe.