Tyubu Kumi na Mbili za Mkwe Wangu

Mkwe wangu alikwenda safari ya baiskeli yenye magurudumu mawili, akanunuliwa tyubu kumi na mbili. Msimwone mjinga. Alikuwa anasomea uhandisi wa maji, anakaribia kumaliza, na walimu wake wa Kichina walimsifu. Ni mji ule ndio uliotufanya hivyo sote. Tulikaa Guangzhou, China, mtaa wa Sanyuanli wenye maduka ya jumla, na pale ukimwomba laoban, yaani mwenye duka, akuuzie kitu kimoja, anakupungia mkono kama anayefukuza nzi. Chukua dazeni au nenda zako.

Aliyenunua alikuwa binti yangu. Kazi yake ilikuwa kununua nguo na kuzipeleka Mwanza, kwa hiyo dazeni kwake ilikuwa ndiyo moja. Alirudi anacheka, jasho linamtoka, amebeba vifaa vya safari ya mumewe: tyubu dazeni, tochi dazeni, kamba za mpira zenye ndoano dazeni. Soksi ndiyo usiseme.

Nikamuuliza, "Huyo mumeo ana miguu mingapi?"

"Mama, ukinunua rejareja wanakukamua."

"Na yule fundi pale chini anayeziba pancha, hauzi tyubu mbili?"

"Anauza. Bei yake mara tatu. Nitaanzaje kununua kwa yule, mimi mfanyabiashara?"

Nilikuwa mgeni. Nilikuwa nimekwenda Guangzhou kumlea mjukuu, kwa sababu binti yangu alijifungua na asingeweza kukaa ndani, biashara ingekufa. Mimi niliishia darasa la nne, Kichina sikijui, lakini mtoto wa miezi minne hana lugha, kwa hiyo tulielewana.

Shida ilikuwa nyumba. Ghorofa ya sita, chumba kimoja na sebule, choo kimoja, na ndani yake mama mkwe na mkwe. Kwetu Muleba mama mkwe hampi mkono mkwewe, hakai naye mkeka mmoja, hamtazami usoni, na nguo zake hazigusi kabisa. Pale nguo zake zilikuwa zinaning'inia barazani, nikitaka kuanika nepi za mtoto inabidi nipite chini yake nimeinamisha kichwa. Alikuwa kijana wa adabu. Alikula chumbani, mimi nikala jikoni. Asubuhi alisimama mlangoni, macho chini, "Shikamoo mama," nami nikamwitikia nikitazama sufuria.

Tukiwa na neno la kuambiana, tulimpitishia mtoto.

"Mume wangu," namwambia mjukuu, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, "mwambie baba yako mchuzi upo tayari."

Na yeye kutoka chumbani, "Mwanangu, mwambie bibi yako nashukuru, nakuja."

Mtoto anatoa mapovu mdomoni. Ujumbe umefika.

Basi safari yenyewe. Wanafunzi sita, wengine Watanzania, wengine Wakenya, walipanga likizo ya Oktoba wapande baiskeli mpaka Guilin, siku saba milima na mito, kisha warudi kwa basi. Majina yao yote ninayo, na ya watoto waliowazaa baadaye. Sitayaandika, wengine leo ni watu wakubwa.

Kila siku mzigo wa mkwe ulikua. Kulikuwa na hema, blanketi zito, jiko la umeme la kupikia wali, suruali nne za jinzi, vitabu, spana za kutengenezea hata lori. Na zile dazeni, maana vitu vipo, viachwe kwa nini? Vyote alivipanga nyuma, juu ya keria, mpaka vikapita urefu wa usukani. Nilishuka kutupa taka nikaiona baiskeli chini ya ngazi, mkwe anajaribu kuufunga ule mzigo. Nikasimama pale na mfuko wa taka mkononi.

Ninaijua baiskeli ya mzigo. Mume wangu alibeba ndizi miaka mingi kutoka kwetu juu mpaka barabara kuu, na aliyemfungia mikungu nilikuwa mimi. Mmoja unalazwa mbele kwenye fremu, miwili nyuma, chini, karibu na ekseli, unakaza kwa kamba zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mitatu. Ikizidi hapo baiskeli inaacha kukusikiliza, inausikiliza mlima. Niliutazama ule mzigo wa mkwe wangu nikajua kabisa mtu huyu atakapokutana na mteremko, hatarudi mzima.

Nilimwambia binti yangu. Akasema, "Mama, ana akili zake. Na wenzake wamebeba hivyohivyo."

"Mwambie apunguze."

"Mwambie wewe."

"Mimi nimwambie? Kwa mdomo gani?"

Akacheka. "Si una mume wako mdogo hapo."

Ikabidi nimtumie. Jioni, wakati wa kula, nilimkalisha mtoto magotini nikapaza sauti. "Mume wangu, mwambie baba yako kesho asubuhi nakwenda sokoni ng'ambo ya barabara. Nataka mwanamume wa kunisindikiza, na baiskeli yake, na mzigo wake wote kama ulivyo."

Chumbani kijiko kikawekwa chini. Kisha, "Mwanangu, mwambie bibi nitakuwa tayari saa mbili." Ningemwambia apande ukuta angesema yuko tayari. Mkwe hamkatalii mama mkwe.

Kuvuka barabara ile kuna daraja la waenda kwa miguu. Lina ngazi, na pembeni ya ngazi kuna njia nyembamba ya saruji ya kusukumia baiskeli. Asubuhi ile yeye alitangulia, mimi nyuma na kikapu, hatua kumi kati yetu kama inavyotakiwa. Alianza kusukuma. Mpaka katikati alikwenda vizuri, akawa hata anapunguza mwendo kwa heshima, anasubiri nipumzike. Halafu gurudumu la mbele likanyanyuka. Mzigo ulikuwa nyuma wote, kwa hiyo baiskeli ilisimama kwa mguu wa nyuma kama mbuzi anayetaka majani ya juu, ikaanza kurudi, na yeye hakuiachia, akawa anarudi nayo, kisigino kinatafuta ngazi hakioni.

Nilitupa kikapu. Nikapanda zile ngazi sijui kwa miguu ya nani, nikamshika mkwe wangu mgongoni kwa mikono yote miwili, nikamsukumia juu kwa bega. Bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa anashuka, naye ana mjukuu mgongoni, akashika siti, akasema maneno mengi huku anacheka. Tukaituliza. Watu wakatupita kwenda kwenye shughuli zao. Kwao ilikuwa mama mmoja kamshika mwanawe asianguke.

Mikono yangu niliiondoa haraka kama niliyegusa sufuria ya moto. Shati lake lilikuwa limelowa.

"Samahani, mama," alisema, akiangalia gurudumu.

"Tushuke, baba," nikasema. Mtoto hakuwepo wa kutupitishia.

Nyumbani nilimfunga mjukuu mgongoni, nikavuta kigoda sebuleni, nikakaa nimeelekea ukuta. Ukutani kulikuwa na kalenda ya ofisi ya kusafirisha mizigo, picha ya ndege. Nikamwambia binti yangu, "Mwambie mwenzio amwage kila kitu sakafuni nyuma yangu. Ataje kimoja kimoja. Mimi sitageuka."

Nikasikia mifuko inamwagwa.

"Jiko la umeme," akasema.

"Toa. Huko uendako watu hawapiki?"

"Suruali za jinzi, nne."

"Bakiza uliyovaa. Jinzi ikilowa ni mtu mzima amepanda mgongoni."

"Kitabu cha mitihani."

"Utakisoma ukiwa umechoka?"

Akafikiri. "Hapana."

"Toa."

"Blanketi."

"Toa."

"Mama, kule milimani kuna baridi."

"Toa."

"Tochi…"

"Moja."

"Tyubu kumi na mbili."

"Mbili."

"Naomba tatu, mama."

"Baiskeli imeota mguu wa tatu?"

Hapo binti yangu alishindwa kusimama, akakaa mlangoni anafuta machozi ya kicheko. Kisha mkwe akaacha kutaja. Nikauliza vipi, vimekwisha?

"Kuna nguo nyingine hapa, mama, siwezi kuzitaja."

"Basi hizo usizitaje. Lakini zipunguze."

Vikabaki vya kujaza mifuko miwili midogo na hema. Nilimwelekeza, bado nikitazama ile ndege, aning'inize mifuko chini pande zote mbili, na hema lilale mbele. Ndipo akauliza, moja kwa moja bila kumpitishia mtoto, "Mama, haya umeyajulia wapi?"

Ningeweza kusema baba mkwe wako alibeba ndizi, na yakaishia hapo. Binti yangu mwenyewe alijua hivyo tu, kwamba baba yake alikuwa akichechemea kwa sababu alianguka na baiskeli. Lakini nilikuwa nimeelekea ukuta, na ukuta unarahisisha mambo.

Nikawaambia kwamba siku ile mikungu ilikuwa mitano. Tulizoea safari mbili, mitatu kwanza na miwili baadaye. Mimi nilikuwa na shamba la kupalilia, sikutaka kusubiri arudi nimfungie tena. Nikamwambia beba minne sasa, huo mmoja utakwenda kesho. Alisema ni mingi. Nikamwambia wanaume wengine wanabeba minne. Nikaufunga mimi, wa nne, juu ya ile miwili ya nyuma, nikaukaza vizuri sana. Ulikazwa vizuri mpaka baiskeli ilipomvuta kwenye mteremko haukufunguka, ulimwangukia pamoja na chuma. Nyonga yake haikupona. Aliishi miaka kumi na tisa zaidi na hata siku moja hakusema ni mkungu wa nani.

Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Baadaye nikasikia mkwe anafunga zipu, na binti yangu akaja akakaa sakafuni karibu na kigoda changu, naye ameelekea ukuta.

Aliondoka asubuhi iliyofuata. Nilimpitishia binti yangu kamba mbili za tyubu, zile nilizofungia begi langu kutoka nyumbani, kwa sababu zile zake zenye ndoano sikuziamini.

Siku za kungoja sitazieleza. Alipiga simu mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa bafuni nafua. Siku ya nane, mchana, nikasikia hatua kwenye ngazi. Nilisimama mlangoni na mtoto. Uso sikuutazama, kwa heshima, nilitazama miguu. Ilikuwa miwili, michafu, na yote ilikanyaga sawa. Nikarudi jikoni kuangalia wali, ambao haukuwa na haja ya kuangaliwa.

Jioni akasema kutoka chumbani, "Mwanangu, mwambie bibi yako blanketi lilihitajika."

Ikawa hivi. Usiku wa nne mvua iliwakuta mlimani, baridi ikamshinda, akabisha mlango wa mkulima mmoja mzee na mkewe. Wale wazee walimpa godoro na uji, asubuhi wakamfundisha kumenya njugu zao. Mwenzake mmoja aliyebeba kila kitu alilala hemani, mkavu, na spoki za nyuma zikamkatika siku iliyofuata, wote wakasimama nusu siku kumsubiri. Lakini alilala mkavu, siwezi kukataa. Nimelifikiri sana jambo hilo. Anayesafiri mwepesi anakuwa amekubali kwamba mahali fulani atamsumbua mtu. Mimi nilimtolea blanketi nikijua miteremko. Baridi sikuijua, aliijua mkulima. Nikamwambia mjukuu, "Mwambie baba yako kwenye blanketi nilikosea."

"Mwambie bibi, kwenye tyubu alipatia. Nilitumia moja."

Mtoto alipoanza kutembea nilirudi nyumbani. Siku ya kufunga begi, mkwe wangu alisimama barazani, mgongo kwetu, uso kwenye nguo zilizoanikwa. "Mama, uwanja wa ndege wanapima kilo. Taja, nikuambie."

Binti yangu akasema, "Leo umepatikana."

Nikataja. Vitenge, weka. Sufuria, toa, mama, sufuria zipo Muleba. Nikatoa. Birika, toa. Nikatoa kwa shingo upande.

"Tyubu kumi," nikasema.

"Hizo toa, mama. Za inchi ishirini na sita, baiskeli za kwetu ni ishirini na nane. Haziingii."

"Najua. Hizo hazitoki."

Akasema, "Basi weka."

Nilizikata nikiwa nimekaa kizingitini kwangu, kila moja kamba tatu ndefu. Mpira wake ulikuwa mzuri, unavutika na kurudi. Habari ikaenea kwa wabeba ndizi, wakawa wanapita mmoja mmoja kuomba. Kila aliyekuja nilimwuliza kwanza anabeba mikungu mingapi. Aliyesema mitatu nilimpa kamba zake akaenda. Aliyesema minne nilimwambia akae kwanza.